Kiota cha ndege mezani: kukikagua, kukiloweka na kukipika ukiwa Mbeya

Kiota cha kuliwa, kile ambacho ndege hukijenga kwa mate yake, hakina ladha kubwa. Kikavu kinanukia kwa mbali kama ute wa yai uliokauka, na kikishapikwa bila sukari unasikia maji yenye harufu hafifu ya samaki. Anayelipa fedha nyingi analipia nyuzi: laini, angavu, zinazoteleza ulimini lakini bado zina ubishi kidogo chini ya jino. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini ina kazi moja, kuzifikisha nyuzi mezani zikiwa nzima. Ukizipoteza njiani, umebaki na maji ya sukari ya bei ya ajabu.

Wageni wa Kichina si wapya nyanda za juu kusini. Reli ya TAZARA iliyopita Makambako na Mbeya ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Kwa Wachina kiota, wanachokiita yanwo, ni zawadi ya heshima: hupelekwa kwa mama aliyejifungua, kwa mzee, kwa wakwe. Mpishi wa hoteli au wa nyumbani akikabidhiwa kisanduku cha viota sita, ajue ameshika mali. Kwa bei ya dola 3,000 kwa kilo, na bei za namna hiyo ni za kawaida kwa viota vyeupe vilivyosafishwa, kiota kimoja cha gramu 6 ni dola 18. Hakuna nafasi ya kujaribujaribu.

Ndege gani hasa

Ni jamii ya teleka, wale wenye mabawa marefu kama mundu ambao hawatui kwenye waya kama mbayuwayu. Teleka wa viota vya kuliwa wanaishi Asia ya Kusini-Mashariki: Indonesia, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa, Malaysia, Thailand na Vietnam. Spishi mbili ndizo zinazobeba biashara. Mmoja hujenga kiota cheupe, karibu chote ni mate matupu. Mwingine hujenga kiota cheusi, chenye mate na manyoya yaliyochanganyika, na kazi ya kukisafisha ni kubwa mara nyingi zaidi. Ndege hutoa mate hayo kwenye tezi zilizo chini ya ulimi, huyatandaza ukutani uzi kwa uzi, yakauka, akaongeza mengine. Kiota kimoja huchukua takribani mwezi mmoja.

Zamani viota vyote vilitoka mapangoni, kama yale ya Gomantong na Niah katika kisiwa cha Borneo, ambako wavunaji hupanda ngazi za kamba na mianzi juu sana gizani. Siku hizi vingi hutoka kwenye majengo yaliyojengwa makusudi, yenye giza, unyevu na vipaza sauti vinavyotoa milio ya teleka ili ndege waje wajenge wenyewe. Tofauti hii si ya kihistoria tu, inabadilisha muda wa kupika: kiota cha nyumba ni laini, cha pangoni ni kigumu na kina madini ya mwamba.

Hapa linafaa neno moja la kukataza. Teleka wapo Mbeya pia, chini ya madaraja na kwenye mapaa ya majengo marefu, nao hutumia mate. Lakini kwao mate ni gundi tu ya kushikiza manyoya na majani. Hakuna cha kula pale, kuna kinyesi na viroboto. Mbayuwayu nao hujenga kwa tope. Kule Kitulo kuna mbayuwayu buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, ambaye huja kuzaliana kwenye nyasi za uwanda ule. Kiota chake hakiguswi kwa sababu yoyote. Na mtu akikwambia atakuuzia vifaa vya kufuga teleka wa biashara hapa Mbeya, jua kwamba ndege wenyewe hawako katika bara hili.

Kukagua kabla ya kulipa au kupokea

Kama kiota kinaingizwa nchini, ni bidhaa ya mnyama, na kinahitaji kibali cha kuingiza bidhaa za mifugo. Muulize anayekuuzia akuonyeshe. Kisha fungua kisanduku mchana, karibu na dirisha.

Rangi ya kiota cheupe halisi ni ya pembe za ndovu, nyeupe yenye umanjano kidogo, na haifanani kila mahali. Kikiwa cheupe pepepe kama karatasi, kimepaushwa kwa dawa, mara nyingi haidrojeni peroksaidi. Kiinue kwenye mwanga: unatakiwa uone nyuzi zimepishana na nafasi ndogondogo kati yake, na mwanga upite kwa kusitasita. Kikiwa kimeziba kama plastiki na kinang'aa juu, kimepakwa gundi ya mti, mwani uliochemshwa au ute wa ngozi ya nguruwe ili kiongezeke uzito. Hili la mwisho si la kupuuza kwa mgeni au mwenyeji Mwislamu.

Kivunje kipande kidogo cha pembeni. Kikavu vizuri hukatika kwa mlio. Kikipinda kwanza, kina unyevu, na unanunua maji kwa bei ya kiota. Nusa: harufu ya ute wa yai au ya mbali ya samaki ni sawa, harufu ya dawa ya kufulia si sawa, wala harufu ya manukato.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni maji. Loweka gramu moja kwenye glasi ya maji baridi kwa saa mbili. Kiota halisi kinavimba, nyuzi zinaachana, maji yanabaki karibu meupe. Maji yakiwa mazito na ya kuteleza kama mlenda, gundi imetoka. Nyuzi zikiyeyuka kabisa, hakikuwa kiota. Ukitaka kujua kama kuna wanga, dondoshea iodini ya duka la dawa kwenye uzi mmoja juu ya kisosi: ikigeuka buluu nyeusi, kuna unga ndani. Uzi huo utupe.

Kiota chekundu kinastahili aya yake, kwa kuwa ndicho kinachouzwa ghali kuliko vyote na ndicho kinachodanganya zaidi. Watu husema ndege alitema damu. Si kweli. Wekundu huja baadaye, kutokana na mvuke wa kinyesi cha ndege kilichojaa chini unaobadilisha protini za kiota. Mvuke huohuo huacha nitriti, chumvi yenye madhara ikizidi. Mwaka 2011 China ilisimamisha viota kutoka Malaysia baada ya kukuta nitriti nyingi kwenye viota vyekundu, na baadaye ikaweka kikomo cha miligramu 30 kwa kilo. Ukiloweka kiota chekundu na maji yakageuka mekundu, kimetiwa rangi. Ushauri wetu ni mfupi: fedha ya kiota chekundu nunulia vyeupe viwili.

Kupima na kuloweka

Mtu mmoja anatosheka na gramu 3 hadi 5 za kiota kikavu. Viota vingi vya nyumba vilivyosafishwa vina gramu 5 hadi 8, kwa hiyo kimoja kinahudumia watu wawili. Tumia mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, maana mizani ya jikoni ya sahani haina maana hapa.

Suuza kiota haraka chini ya maji, kisha kiweke kwenye bakuli jeupe lenye maji baridi yaliyochemshwa na kupoa. Weupe wa bakuli utakusaidia baadaye kuona vinyoya. Maji yawe mengi, nusu lita kwa kiota kimoja, kwa sababu kitavimba na kuwa kizito mara tano hadi nane ya uzito wake mkavu. Kisipozama chote, upande uliobaki juu utakuwa mgumu hata baada ya kupikwa.

Kiota cha nyumba kinataka saa nne hadi sita. Vipande na nyuzi zilizolegea, saa mbili au tatu zinatosha. Cha pangoni kiache usiku kucha. Mbeya mwezi wa Juni na Julai, jikoni asubuhi pana baridi ya kutetemesha, na uvimbaji unakwenda polepole. Ongeza saa moja. Usikimbilie maji ya moto. Maji ya moto hulainisha nje na kuacha ndani pakavu, kisha ukipika, nje inayeyuka ndani bado inatafunika. Ukiwa Kyela, ambako joto ni jingine kabisa, loweka ndani ya friji, la sivyo kiota kitachacha kabla hujakigusa.

Kwa chakula cha usiku, loweka saa 2 asubuhi, nyonyoa saa 8 mchana, pika saa 11 jioni. Ratiba hii inakupa nafasi ya kukosea kidogo na kurekebisha.

Maji ya kwanza yamwage. Wapo wanaoyapikia kwa kudhani yana nguvu. Yana vumbi, na kwa viota vyeusi na vyekundu yana nitriti iliyoyeyuka.

Kunyonyoa vinyoya

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayotenganisha mpishi na mpika chai. Hata kiota kilichouzwa kama safi kina vinyoya vidogo kama kope za mtoto. Mgeni akikiona kimoja kwenye kijiko, ameshaacha kuamini chakula chote.

Kaa palipo na mwanga mzuri. Uwe na kibano chenye ncha nyembamba, aina ya kunyolea nyusi, kipya na kilichochemshwa. Bakuli la pili la maji safi. Na chujio lenye matundu madogo sana. Chukua kiota, kifungue kwa vidole kufuata nyuzi zinakokwenda, kama unavyochambua nyama ya kuku iliyoiva. Usikate kwa kisu na usisugue. Nyuzi zilizokatwa zikifika motoni zinapotea kwanza.

Toa kila kinyoya kwa kibano, kisha chovya ncha kwenye bakuli la pili ili kidondoke. Vinyoya vidogo sana visivyoshikika, weka nyuzi kwenye maji, tia tone moja la mafuta ya alizeti, koroga polepole kwa kidole. Vinyoya vinapanda juu pamoja na mafuta, navyo unavimwaga. Rudia kwa maji safi mara mbili, hadi mafuta yote yatoke. Kiota cheupe cha nyumba kitakuchukua dakika ishirini hadi arobaini. Cheusi kinaweza kula mchana mzima, na kwa mpishi anayeanza tungesema asikipokee kabisa.

Utakuta sehemu mbili ngumu, pale kiota kilipokuwa kimeshikamana na ukuta. Zitenge. Zirudishe kwenye maji kwa saa mbili zaidi, zichambue, na uzitangulize motoni dakika kumi kabla ya nyuzi nyingine. Wapishi wengi huzichanganya tu, halafu wanashangaa mbona bakuli moja lina laini na ngumu kwa pamoja.

Mwisho zichuje zote, ziache zidondoke maji dakika tano.

Motoni, na suala la mwinuko

Kiota hakichemshwi moja kwa moja kwenye sufuria. Kinawekwa kwenye bakuli la kauri lenye mfuniko, bakuli linakaa ndani ya sufuria yenye maji, na joto linafika taratibu kupitia kuta za bakuli. Mchemko wa moja kwa moja unazipigapiga nyuzi hadi zinasambaratika.

Kila mtu aliyehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam anajua kwamba maharage ya huku hayaivi kwa muda ule aliouzoea. Sababu ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi joto 94 badala ya 100. Iringa ni karibu 95. Uwanda wa Kitulo, mita 2,600 na zaidi, ni kama 91. Maelekezo yaliyo kwenye kisanduku cha viota yameandikwa kwa ajili ya watu wa pwani na mabondeni. Ukiyafuata Mbeya neno kwa neno, utapeleka mezani nyuzi zinazokwaruza meno.

Kunja kitambaa safi ukitandike ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, bakuli likae juu ya kitambaa. Bila hivyo linagongagonga na linaweza kupasuka. Tia nyuzi zilizochujwa, mimina maji safi hadi yazidi nyuzi kwa upana wa kidole. Kwa gramu 5 za kiota kikavu ni mililita 150 hadi 200. Funika bakuli, na ukiweza funga mfuniko kwa kitambaa chembamba ili matone ya mvuke yasirudi ndani na kuzimua. Maji ya sufuria yafike nusu ya kimo cha bakuli. Anza na maji ya vuguvugu, si yaliyochemka, kwa sababu kauri baridi ikikutana na maji yanayochemka inapasuka, na hapo kiota kimekwenda na maji.

Kwenye jiko la mkaa, anza na moto mkali hadi maji ya nje yachemke. Kisha ondoa mkaa kama nusu, uliobaki ufunike majivu kidogo. Unataka maji ya nje yatoe viputo vidogo vya uvivu. Jiko la gesi ni rahisi zaidi, moto wa chini kabisa. Kila dakika kumi na tano tazama maji ya nje, ongeza yaliyokwisha kuchemka tu.

Hesabu muda tangu maji ya nje yalipochemka. Kiota cha nyumba ambacho pwani kingechukua dakika 25 hadi 30, Mbeya anza kukiangalia dakika ya 35, na kwa kawaida kitakuwa tayari kabla ya 45. Njombe na Makete ongeza tena dakika kumi. Cha pangoni kinaweza kuchukua saa moja na nusu hadi tatu. Lakini saa ni msaada tu, hakimu ni uma. Inua nyuzi chache: zikining'inia zikiwa angavu na zinang'aa, na ukibana moja kati ya vidole inateleza bila kusagika, zimeiva. Juu ya maji utaona povu jembamba na harufu ya ute wa yai itakuwa imefumuka. Zikiwa bado nyeupe na zinarudi kama mpira, ongeza dakika tano, kisha tazama tena. Zikidondoka kama uji, zimepita, na hakuna dawa. Hapo chuja usiwaonyeshe wageni. Changanya na maziwa ya moto unywe nyumbani.

Presha kuka isitumike. Ni kweli inashinda tatizo la mwinuko, na kwa maharage ni baraka, lakini kwa kiota dakika moja ya ziada inatosha kuyeyusha kila kitu na huwezi kufungua kuangalia.

Sukari, tangawizi, kuku

Sukari inaingia dakika tano za mwisho. Ukiitia mwanzoni, inayavuta maji kwenye nyuzi na zinakuwa ngumu. Wachina hutumia sukari ya mabonge angavu. Sukari nyeupe ya dukani inafanya kazi vilevile, vijiko viwili vya chai kwa bakuli la mtu mmoja. Sukari guru tuiache kwa chai na vitumbua, ladha yake ni nzito mno hapa. Asali ya miombo nayo ni kali. Ukiipenda, tia kijiko kimoja baada ya kuepua. Kipande kimoja chembamba cha tangawizi kilichowekwa tangu mwanzo na kutolewa mwishoni kinaondoa harufu ya samaki. Wageni wakiomba tende nyekundu za Kichina, hizo si tende za mtende, ni tunda la ndugu wa mkunazi wetu. Zitoe kokwa na uziweke mbili kwa bakuli.

Kwa chakula cha chumvi, pika mchuzi wa kuku wa kienyeji kando, kwa saa mbili, bila nyanya wala viungo vya unga. Chuja kwa kitambaa, ondoa mafuta yote ya juu. Kiota kipikwe peke yake kwenye maji, kikiiva kichujwe na kuwekwa kwenye mchuzi wa moto dakika mbili kabla ya kula. Ndimu isiguse bakuli hili.

Nani asile

Kiota ni protini ya mnyama na kina uwezo wa kuleta mzio mkali. Nchini Singapore madaktari walieleza watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamevimba na kubanwa pumzi baada ya kula kiota. Anayekula kwa mara ya kwanza apewe kijiko kimoja, asubiri. Mtoto mchanga asipewe. Mwenye mzio wa mayai au pumu aulize daktari wake kwanza. Kuhusu ngozi kung'aa na maisha marefu, kiota kina protini zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu na asidi ya sialiki, ambayo ni aina ya sukari, kama asilimia 10, lakini kwa gramu 5 kwa mlo, yai la kuku linakupa protini zaidi. Kipikwe kama chakula cha heshima, kisiuzwe kama dawa.

Kuhifadhi

Viota vikavu viwekwe kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na jua na mbali na jiko. Kiangazi cha Mbeya, baridi na kikavu, ni rafiki mzuri. Masika ni adui, na Tukuyu ni adui zaidi: huko viweke friji pamoja na kifuko cha mchele mkavu kwenye kitambaa, uubadilishe kila wiki mbili. Kiota kilichopata unyevu kikaushwe kivulini mbele ya feni, si juani. Chenye madoa ya kijani au meusi ya ukungu kitupwe chote, hata kama moyo unauma.

Kilicholowekwa na kunyonyolewa lakini hakijapikwa, kigawe kwa mafungu ya mtu mmoja mmoja na ukigandishe, kitakaa mwezi. Kilichopikwa kikae friji siku tatu, bila zaidi, na umeme ukikatika usiku kucha usikirudishe mezani. Cha baridi kinaliwa hivyohivyo. Ukitaka kukipasha, rudisha bakuli kwenye maji ya moto dakika tano, moto ukiwa umeshazimwa.